Idd, Krismasi na Tango Kisiwani Fundo? Msicheke Kwanza!

Chukua kalenda, msomaji wangu. Siyo hiyo ya mwaka huu iliyoning'inia ukutani. Nataka uruke mpaka Desemba 2033. Kwa hesabu za mwezi, Idd el Fitr ya mwishoni mwa mwaka huo itaangukia tarehe 22 au 23 Desemba hivi, tukisubiri mwandamo. Siku mbili tatu mbele, Krismasi hiyo hapo. Yaani sufuria la pilau la Idd halijaoshwa, jirani naye anawasha jiko la Krismasi!

Si mara ya kwanza. Mwaka 2000 ilikuwa hivyo hivyo, ila zamu zilikuwa kinyume: Krismasi ilitangulia, Idd ikafuata siku mbili tatu baadaye. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko huu wa kalenda ya ukutani, kwa hiyo Idd inarudi nyuma kidogo kidogo, na baada ya miaka kama 33 inakuwa imezunguka majira yote na kufika pale pale. Kwa maana hiyo bahati hii mtu huipata mara mbili maishani, akijaliwa umri mara tatu.

Sasa mimi nina wazo langu kuhusu sikukuu hiyo, na siku nilipolimwaga kijiweni washikaji walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Wazo lenyewe ni hili: onyesho moja la muziki, la bure, la watu wa rika zote, lipigwe kisiwani Fundo, Pemba. Vyombo vya taarab asilia vipangwe mbele. Lianze kwa bashraf, ule muziki mtupu usio na maneno ambao wakongwe hufungulia nao shughuli. Kifuate kipande cha muziki wa klasiki, ule wa Wazungu wa kale. Uje muziki wa Krismasi. Watu wakishakaa mkao wa kula, zichapwe tango mbili tatu, ile mbaya. Kufunga, taarab yenyewe, kina mama wainuke kutunza.

Wakaniuliza kama siku hizi kahawa nayo inalewesha. Tango Pemba? Klasiki Fundo? Nani atavuka bahari kwenda kusikiliza vituko hivyo?

Nimeamua kuwajibu hapa hapa gazetini, mbele ya watu. Maana ukiuchunguza vizuri muziki wa visiwani, hakuna kitu kwenye orodha yangu ambacho ni kigeni huko. Kinachokosekana ni kitu kingine kabisa, na hicho ndicho kinachoniuma. Nipe dakika chache nitakifikia.

FUNDO NI WAPI?

Sisi wa mjini tukisikia Pemba tunawaza karafuu, basi. Na tukisikia fundo tunawaza la kamba, au lile ambalo mtu humwekea mwenzake moyoni. Kumbe Fundo ni kisiwa, kirefu na chembamba, kimelala upande wa magharibi wa mji wa Wete. Kaskazini yake kuna kisiwa cha Njao, na karibu yake vimetawanyika visiwa vingine vidogo kama Uvinje na Kokota. Ni ardhi ya mawe ya matumbawe, na riziki ya watu wake iko baharini. Ukitaka kwenda huko unafika kwanza Pemba kwa boti au kwa ndege, unashika gari mpaka Wete, halafu unashuka pwani kutafuta chombo. Hakuna daraja wala daladala.

Mtu ataniuliza: mbona usichague Mnazi Mmoja pale Unguja, au Tibirinzi kule Chake Chake, viwanja ambavyo sikukuu hujaa watoto wenye nguo mpya na makelele ya firimbi? Jibu langu ni kwamba huko muziki unafika wenyewe. Mtoto wa mjini siku ya Idd anachagua pa kwenda. Mtoto wa kisiwa kidogo akitaka shamrashamra kubwa inambidi apande chombo aifuate ng'ambo. Nami natamani angalau mara moja sikukuu ndiyo ipande chombo, imfuate yeye nyumbani kwake.

Halafu vyombo vya taarab asilia vina sifa ambayo sisi watu wa spika kubwa tunaisahau: havili umeme. Kinanda cha umeme kikikosa moto ni ubao tu wa kukatia vitunguu. Fidla, udi, nai, akodiani na dumbaki vinataka mikono na pumzi, basi. Unaweza kuvipiga chini ya mwembe, taa za kandili zikiwaka, na watu wa nyuma wakasikia ikiwa wa mbele watanyamaza. Ganuni, yenye nyuzi zaidi ya 70, mtu anaipakata ndani ya mashua kama anayempakata mtoto. Labda lile besi kubwa la kusimama ndilo litakaloleta kasheshe. Hilo ni la kulipiwa nauli ya mtu mzima, na la kupewa mtu wa kulishika lisidondoke.

JARIBIO LA KIJIWENI

Turudi kwenye tango, maana hapo ndipo walipocheka zaidi. Niliwafanyia washikaji mtihani. Nikawapigia kwenye simu vipande viwili visivyo na mwimbaji: bashraf ya Unguja na tango ya Argentina. Sikutaja majina. Nikawauliza, kipi cha kwetu? Mabishano yakazuka, watu wakataka kuwekeana soda. Aliyejifanya mjuzi kuliko wote aliapa kwamba tango ile ni ya Malindi, na kwamba babu yake alikuwa akiisikia redioni!

Wala sikumlaumu. Tazama vyombo. Bendi ya tango ya kawaida ina fidla, piano, besi la kusimama na bandoneoni, ambayo ni ndugu wa akodiani iliyobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1840. Kundi la taarab asilia lina fidla kadhaa, chelo, besi la kusimama, akodiani, udi na ganuni. Ondoa piano, weka ganuni, utaona familia ni moja. Hata ile huzuni tamu, ya mtu anayelia huku amevaa suti, inafanana.

Na asili yake nayo inafanana. Tango ilizaliwa kwenye miji ya bandari, Buenos Aires na Montevideo, mwishoni mwa karne ya 19. Humo kulikuwa na ngoma za watu wenye asili ya Afrika, pigo la habanera lililotoka Kuba, na dansi za wahamiaji wa Ulaya walioshuka melini na masanduku yao. Sasa niambie, mji wa bandari ambamo ngoma za Kiafrika, nyuzi za Kiarabu, sinema za Kihindi na akodiani ya Kizungu vimekutana uchochoro mmoja unaitwaje? Unaitwa Unguja, bwana.

Tena si kwamba vinafanana kwa bahati tu. Ipo njia ambayo tango iliipitia kuja kwetu, nayo inakatiza Cairo. Mwanamuziki mkubwa wa Misri, Mohamed Abdel Wahab, alikuwa hodari wa kuchota mapigo ya ng'ambo na kuyatia kwenye nyimbo za Kiarabu. Katika sinema yake ya 1933, "Al-Warda al-Bayda", aliweka wimbo wa pigo la rumba. Mwaka 1935, katika "Dumu' al-Hubb", akaweka tango. Santuri na sinema za Misri zilipendwa sana visiwani, na wapigaji wa taarab walizisikiliza kwa makini, wakienda nyumbani kutafuta nota kwa sikio. Ndiyo sababu mapigo kama rumba na bolero yamekaa ndani ya taarab miaka mingi na hakuna anayeyaita mageni. Upande wa Bara nako, vijana wa vilabu vya dansi vya Tanga na Dar es Salaam wa miaka ya 1930 walivaa tai na kucheza walsi, fokstroti na tango. Babu zetu walikuwa wa kisasa kuliko tunavyowadhania!

Na taarab yenyewe ilianzaje? Hadithi inayosimuliwa ni kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliingiza muziki wa Misri ikulu, akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza ganuni. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwan Safaa, ambacho kimetimiza zaidi ya miaka 100. Hata jina la bashraf lilisafiri. Limetoka kwa Waturuki likipitia kwa Waarabu. Kwa hiyo anayesema tango itaharibu utamaduni wa visiwani angeanza kwa kutuambia ni kipi hapo hakikushuka kwenye chombo.

KRISMASI NAYO INA MIZIZI

Haya, Krismasi. Hapa washikaji waliacha kucheka wakawa wakali kidogo, nami nawaelewa. Nitarudi kwenye ukali wao. Kwanza tuangalie historia.

Jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, liliwekwa siku ya Krismasi ya 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lililokuwa hapo lilipofungwa. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere, yule yule aliyekusanya hadithi za Kiswahili na kuzichapisha mwaka 1870. Pemba nako, Wakristo wa madhehebu ya Wakwekeri kutoka Uingereza walifika 1897, mwaka ambao sheria ya kuuondoa utumwa ilitangazwa Unguja na Pemba, wakaanza kazi Banani pamoja na watu waliotoka utumwani. Kwa hiyo Krismasi visiwani haikuletwa na hoteli za watalii. Ina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo ni ya watu waliokuwa wakitafuta uhuru wao.

Sasa ule wimbo maarufu wa Krismasi duniani, ambao makanisani kwetu tunaujua kama Usiku Mtakatifu, unajua ulipigiwa wapi mara ya kwanza? Hapana, si Roma wala London. Ni Oberndorf, mji mdogo kando ya mto huko Austria, usiku wa tarehe 24 Desemba 1818. Maneno yaliandikwa na padri kijana, Joseph Mohr. Muziki ukatungwa na mwalimu wa shule, Franz Xaver Gruber. Waliuimba watu wawili, kwa gitaa moja. Na wakazi wengi wa mji huo walikuwa mabaharia wa mtoni, waliojipatia riziki kwa kusafirisha chumvi kwa mashua.

Umenisoma hapo? Mji mdogo, watu wa mashua, mwalimu wa shule, chombo kimoja cha nyuzi. Wimbo ulioizunguka dunia ulianzia mahali ambapo ungepadharau kama unavyoidharau Fundo. Nami nikiufikiria ule wimbo ukipigwa kwa ganuni na nai, taratibu, bila maneno, kandokando ya bahari, wallahi nywele zinanisimama.

KLASIKI SI YA MABWANYENYE

Neno klasiki likitajwa, vijana wengi tunawaza bibi wa Kizungu mwenye miwani anayesinzia ukumbini. Lakini sikiliza hii. Mwaka 1741 George Frideric Handel alitunga kazi yake kubwa iitwayo "Messiah" kwa siku kama 24 tu. Iliposikika mara ya kwanza mbele ya watu, huko Dublin, Aprili 1742, lilikuwa onyesho la hisani, na sehemu ya fedha zilizopatikana ikawatoa gerezani watu 142 waliofungwa kwa kushindwa kulipa madeni. Watu 142! Siku hizi muziki huo hupigwa kila Krismasi sehemu nyingi za dunia. Ule ni muziki uliofungua kufuli, siyo wa kusinzia.

Na kama hujui, mmoja wa watu waliochanganya klasiki na muziki wa vijana kwa ukali kuliko wote ni mtoto wa Unguja. Farrokh Bulsara alizaliwa huko tarehe 5 Septemba 1946. Dunia ikamjua kama Freddie Mercury wa Queen. Ule wimbo wao wa 1975, "Bohemian Rhapsody", ambao katikati unageuka opera, ndio uliokuwa namba moja Uingereza Krismasi ya mwaka huo. Mwaka 1987 akatoa "Barcelona" pamoja na mwimbaji wa opera wa Hispania, Montserrat Caballé. Kwa hiyo mshikaji anayesema opera na mtoto wa visiwani haviivi chungu kimoja, amechelewa gari.

Yupo na Muargentina mmoja ninayempenda sana, Astor Piazzolla, aliyeishi kuanzia 1921 mpaka 1992. Alikuwa fundi wa bandoneoni, lakini akaionea haya tango, akaona heshima iko kwenye klasiki. Mwaka 1954 akaenda Paris kusoma kwa mwalimu mashuhuri, Nadia Boulanger. Yule mama akazipitia karatasi zake, akaona ufundi umo lakini mwenyewe hayumo. Alipomtaka apige tango yake ndipo akamwambia Piazzolla wa kweli ndiye huyo, asimwache. Akarudi kwao akaichanganya tango na klasiki mpaka watu wakagombana, na leo muziki wake unapigwa kwenye kumbi kubwa za dunia.

Hilo ndilo somo ninalolitaka liende Fundo. Mtoto ajifunze Handel, ajifunze tango, halafu ajue kwamba hata asipovuka bahari, kaswida aliyoikulia na taarab ya bibi yake si vitu vya kuficha mgeni anapoingia.

TATIZO NI MIKONO

Sasa nafika kwenye kinachoniuma. Muziki upo, historia ipo, sikukuu inakuja. Wapigaji je?

Tangu miaka ya 1990 taarab ya kisasa imetushika. East African Melody walikuja na rusha roho, TOT na Muungano wakapambana kwa mipasho Dar es Salaam, Khadija Kopa akatoka Culture Musical Club ya Unguja na kuja kutikisa Bara. Simponde mtu, nami ni mmoja wa waliojimwaga ukumbini mpaka viatu vikatoka soli. Lakini tuseme ukweli: kinanda kimoja cha umeme kilibeba ndani yake fidla, akodiani, ganuni na besi. Kazi ya watu kumi na wawili ikafanywa na mmoja. Mwenye harusi akapiga hesabu ya nauli na chakula, akachagua mmoja. Nani angemlaumu?

Hasara yake haionekani siku ile ile. Inaonekana baada ya miaka ishirini. Fidla haina alama shingoni zinazokuonyesha pa kubonyeza. Kidole kikikosea kidogo tu, sauti inakuwa ya paka aliyekanyagwa mkia. Sikio na kidole vinazoeshana kwa miaka. Zamani kijana aliingia klabu akakaa nyuma ya mkongwe, akatazama, akatumwa chai, akaruhusiwa kushika chombo watu wakienda kupumzika. Siku kiti cha nyuma kinapokosa mtu, ule ufundi haufi kwa kishindo. Mkongwe anazikwa, fidla inapandishwa darini, na mchwa wanaanza kazi yao.

Sitaki useme naomboleza bure, maana juhudi zipo na nyingine zinatia moyo. Chuo cha muziki cha nchi za Jahazi, kinachojulikana kwa kifupi kama DCMA, kilifungua milango Mji Mkongwe mwaka 2002, kikafundisha taarab, kidumbaki na ngoma pamoja na nadharia ya muziki wa Kizungu. Mwaka 2009 Bi Maryam Hamdani alianzisha Tausi, kundi la taarab ambalo wanawake wenyewe ndio wanaoshika vyombo, wasiwe wa kuimba tu. Siti Amina, aliyepita chuoni hapo, alitoka na udi wake na kundi la Siti and the Band. Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, alitoa albamu "Siti of Unguja" mwaka 2020. Vijana wanaoweza wapo.

Lakini angalia ramani. Hayo yote yako Unguja, na mengi yako Mji Mkongwe, eneo unaloweza kulizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Mtoto wa Fundo anatenganishwa na darasa hilo na bahari mbili: ya kwanza mpaka Wete, ya pili mpaka Unguja. Sikio analo, limenolewa na kaswida za madrasa tangu utotoni. Pigo analo, Pemba ni nchi ya msewe, na ya mchezo wa ng'ombe unaochezwa kwa zumari. Kinachokosekana ni fidla mkononi na mtu wa kumwambia kiwiko kishuke.

Na msinambie kipaji hakitoki kijijini. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akafinyanga vyungu na kuvitembeza mjini. Mwaka 1928 alikuwa Bombay anarekodi santuri, na Shaaban Robert akaja kumwandikia kitabu cha maisha yake. Kutoka Fumba mpaka Bombay! Angebaki na vyungu vyake kama pale mjini asingekuta watu wa kumfundisha.

HESHIMA KWANZA

Sasa ule ukali wa washikaji. Walisema: Pemba karibu wote ni Waislamu, unawapelekea nyimbo za kanisani sikukuu yao, huo si uchokozi?

Swali la haki. Jibu langu lina vipande vitatu. Kwanza, wenye kisiwa ndio waamuzi. Wakisema kipande cha Krismasi kitoke, kinatoka, na onyesho bado limesimama kwa miguu yake mingine. Mgeni hapangi vyombo kwenye kabati la mwenyeji. Pili, nazungumzia muziki mtupu, bila maneno, bila mahubiri, kama inavyopigwa bashraf. Anayetaka kusali ana msikiti wake au kanisa lake. Hapa watu wanasikiliza nyuzi. Tatu, ujirani tunaousifu kwenye hotuba tunauishi kwenye masinia. Wangapi kati yetu tuliletewa sahani ya Idd na Bi Fatuma, tukairudisha na vitumbua vya Krismasi? Sahani haikuwahi kumbadilisha mtu dini.

Na kalenda imenisaidia. Visiwani Idd husherehekewa siku nne. Mwezi ukiandama kama hesabu zinavyosema, tarehe 25 Desemba 2033 itakuwa Idd tatu au Idd nne. Yaani onyesho hilo likipigwa siku hiyo, jioni baada ya Isha, halimuibii mtu siku yake. Ni sikukuu ya kila aliyekuja.

HESABU YANGU

Ndoto bila hesabu ni porojo, kwa hiyo nimekaa na kalamu. Hatuhitaji ukumbi wala mdhamini wa kuja na bango kubwa kuliko jukwaa. Kwa kuanzia ningeridhika na fidla tano za wanafunzi, udi mmoja na dumbaki mbili. Mwalimu mmoja mwenye moyo, anayevuka kutoka Wete mara moja kwa wiki bahari ikiwa shwari. Sanduku linalofunga vizuri, maana upepo wa chumvi unakula nyuzi za chuma na unyevu unalegeza gundi ya mbao. Nyuzi za akiba, kwa sababu huwezi kukimbilia dukani uzi ukikatika. Na sheria moja: vyombo vilale shuleni, visiwe mali ya mtu.

Mtoto hawezi kuwa bingwa kwa miezi sita. Mwaka wa kwanza majirani watavumilia makelele. Mwaka wa pili kutasikika kitu chenye kichwa na miguu. Kufikia wa tano, bashraf nyepesi, wimbo mmoja wa kwao, na ile tango ambayo mshikaji wangu aliapa ni ya Malindi. Ndiyo maana ninaitaja 2033 mapema. Fidla haijui dharura. Kila mwaka tunaokaa tukicheka kijiweni ni mwaka mmoja unaokatwa kwenye vidole vya mtoto.

Fedha? Hapo nawageukia nyinyi wa mjini, nikiwamo na mimi. Tukiingia kwenye taarab mikoba inafunguka. Mwimbaji akigusa wimbo wetu tunapanga foleni kwenda kumtunza, noti zinapepea, shoga anamwangalia mbaya wake kwa jicho la pembeni. Sijasema tuache. Nasema Kiswahili kimetupa neno moja kwa kazi mbili: kutunza ni kumpa zawadi anayekukonga moyo, na kutunza ni kukihifadhi kitu kisiharibike. Ile ya kwanza tunaijua sana. Ya pili tumeiachia mchwa.

Noti za usiku mmoja wa harusi mbili tatu kubwa za mjini, nadhani, zingetosha kuanza na zile fidla tano. Washikaji wangu wa kijiweni nimeshawabana, na yule aliyemwaga kahawa ameahidi kuchangia uzi mmoja, ingawa bado anadai nimechanganyikiwa. Basi tuchanganyikiwe wote. Mwenye fidla ya marehemu babu huko darini aishushe, apanguse vumbi, aulize kama mchwa wamemwachia chochote. Anayejua kupiga atafute mtoto mmoja wa kumfundisha, hata kama si wa Fundo. Kazi kwenu!